Urefu wa Ufito na Mshahara wa Baharia

Ndugu wafanyakazi wa boti na wa hoteli za pwani, mtu akikuuliza ufito wa kuvulia uwe na urefu gani, usimjibu kabla hujamwuliza atasimama wapi na nani atakuwa nyuma yake. Jambo hili laonekana dogo. Lakini sisi tunaotembelea matawi ya chama katika pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, kutoka Mocímboa da Praia mpaka Palma na Kionga, tumemwona baharia akikaribia kukatwa mshahara kwa ajili ya ufito ambao hakuununua, hakuuchagua, wala hakuushika ulipovunjika. Ndiyo maana tumeona yafaa tulieleze jambo hili tangu mwanzo na kwa lugha yetu. Vitabu vinavyolieleza viko, lakini vimeandikwa kwa ajili ya mgeni anayevua. Hatujaona hata kimoja kilichoandikwa kwa ajili ya mtu anayeshika upondo nyuma ya boti.

Uvuvi wenyewe ni ule wa chambo cha manyoya. Wageni huuita uvuvi wa nzi, kwa kuwa huko kwao chambo hufungwa kwa nyuzi na manyoya mpaka kifanane na nzi au mdudu mwingine anayeangukia mtoni. Huku kwetu hufungwa kifanane na dagaa au kamba. Uliingia visiwani kwetu pamoja na hoteli za wageni katika miaka ya 2000, na Vamizi ndicho kisiwa kilichopata sifa kubwa kwa ajili ya kolekole wake. Kisha vita vilianza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017, mashambulio yakafika visiwani 2020, Palma nayo ikashambuliwa Machi 2021, na kazi ya wageni ikasimama. Wenzetu walitawanyika, wengine Pemba (tunasema mji wetu mkuu, si kisiwa cha Pemba), wengine Mtwara na mbele zaidi. Kazi waliiacha, ujuzi waliondoka nao. Mwenzetu akifika mahali penye boti za wageni, awe Mafia au Unguja, huulizwa kama amewahi kufanya kazi na wavuvi wa manyoya. Akijibu ndiyo, hupewa boti. Akipewa boti, hupewa na lawama zake.

UPONDO NAO UNA KIPIMO

Tuanze na tunachokijua. Baharia wa kwetu hatumii upondo mmoja kwa kila maji. Upondo wa kupitia vijito vya mikoko hukatwa mfupi, maana matawi yako juu na mkono wataka nafasi ya kugeuka. Upondo wa kuvukia maji ya wazi juu ya mchanga huwa mrefu, kwa sababu wakati wa bamvua maji ya huku hupanda na kushuka karibu mita 4, na mahali ulipopita asubuhi maji yakiwa magotini, jioni chini hupafikii. Mama anayefuata pweza mwambani hubeba kijiti kifupi, kwa kuwa pweza yumo shimoni na yeye ameinama juu yake. Akija na mti mrefu kama mlingoti wa ngalawa atachekwa na wenzake.

Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyepima kwa kimo chake mwenyewe, wala kwa ukubwa wa samaki anayemtamani. Wote wamepima kazi na mahali pa kazi. Basi na ufito wa mgeni ni hivyo hivyo, ingawa umetengenezwa kiwandani na umelala ndani ya mfuko wa mahameli.

Tunalisema hili kwa sababu kosa tulilolikuta kwa mabaharia wengi, na sisi tukiwa miongoni mwao hapo mwanzo, ni kudhani kwamba samaki mkubwa ataka ufito mrefu. Mgeni akitoa ufito wa futi 10 tulimwona bingwa, na akitoa wa futi 8 tulimwona kama mtoto. Mara nyingi mambo yalikuwa kinyume kabisa.

UFITO USIO NA GURUDUMU

Watoto wa Palma huvua kwa mwanzi na mshipi uliofungwa nchani. Hapo urefu ndio kila kitu, maana mtoto hawezi kufika mbali kuliko mwanzi wake na mshipi wake vikiunganishwa. Wajapani wanao uvuvi wa namna hiyo hiyo, uitwao tenkara, kwa chambo cha manyoya na ufito wa mita 3 na nusu hadi 4 usio na gurudumu. Hata Waingereza wa karne ya 17, ambao ndio waliousifu sana uvuvi huu katika vitabu vyao, walivua kwa miti ya futi 15 hadi 18, mshipi wa singa za farasi umefungwa nchani. Mti wa namna hiyo ulishikwa kwa mikono miwili na kuchosha mabega.

Gurudumu la kukunjia mshipi lilipoenea, pamoja na pete za kupitishia mshipi huo, urefu haukuwa tena lazima kwa ajili ya kufika mbali. Fito zikaanza kupungua. Katika karne ya 19 walizitengeneza kwa vipande vya mwanzi vilivyochanwa na kuunganishwa kwa gundi, baada ya Vita Kuu ya Pili wakatumia nyuzi za kioo, na mwaka 1973 zikatoka sokoni fito za kaboni, ambazo ndizo tunazozibeba siku hizi. Ufito wa kaboni wa futi 9 haufiki robo kilo. Wepesi huo umewadanganya wengi, wakadhani kitu chepesi hakina nguvu, au wakadhani kwamba kwa kuwa ni chepesi chaweza kurefushwa bila gharama yoyote.

Lipo jambo moja ambalo baharia aliyezoea mshipi wa mkono hana budi kulielewa kwanza. Katika mshipi wetu, uzito umo katika chubwi. Unarusha chubwi, mshipi unafuata. Chambo cha manyoya hakina uzito wa maana, na ukikirusha chenyewe kitaanguka miguuni pako. Kwa hiyo uzito umetiwa ndani ya mshipi, ambao ni mnene kama kamba ya kiatu. Mvuvi anaurusha mshipi nyuma mpaka unyooke hewani, kisha anaurudisha mbele, na manyoya yanafuata. Ufito ndio mjeledi wa kazi hiyo.

Karibu na kishikio pameandikwa namba mbili, na baharia anayejua kusoma namba tu anaweza kuzisoma, hata kama lugha ya maandishi yaliyobaki haijui. Moja ni urefu kwa futi na inchi. Nyingine ni namba ya uzito wa mshipi unaoufaa ufito huo. Namba hiyo hufuata uzito wa futi 30 za kwanza za mshipi. Mshipi wa namba 8 una gramu 14 hivi katika futi hizo, na wa namba 12 una gramu 25 hivi. Wengi huchanganya namba hizo mbili. Nguvu ya kuinua samaki mtazame katika namba ya pili. Urefu una kazi nyingine.

KAZI YA UREFU

Ufito mrefu huinua mshipi juu. Mgeni akiingia majini mpaka kiunoni, mkono wake umekaribia uso wa bahari, na mshipi anaourusha nyuma hupiga maji kabla haujanyooka. Akiongeza nusu futi anapata nafuu. Akisimama ufukweni penye mawimbi, ufito mrefu humsaidia kuupitisha mshipi juu ya povu ili usikokotwe. Kwenye mito mikubwa ya Uskoti na Norway wavuvi hutumia fito za futi 12 hadi 15 zinazoshikwa kwa mikono miwili, maana nyuma yao kuna miti na hawana nafasi ya kurusha.

Ufito mfupi una sifa zake. Kule milima ya Kenya, ambako Waingereza walileta samaki wa trauti mwaka 1905, mito ni membamba na vichaka vimefunga pande zote mbili. Mtu akienda huko na futi 9 atavua majani. Futi 7 au 8 zamtosha. Baharini nako, wanaovua jodari kutoka kwenye boti kubwa hupenda futi 8 na kidogo, kwa sababu jodari hupiga mbizi chini ya boti akakaa hapo akizunguka, na kazi iliyobaki ni kumwinua tu.

Hapa penye kuinua ndipo penye hesabu. Ufito ni wenzo, lakini umegeuzwa. Katika wenzo wa kuinulia jiwe, wewe umeshika upande mrefu na jiwe liko upande mfupi. Katika ufito, samaki ndiye aliyeshika upande mrefu, na wewe umebaki na kishikio. Samaki akivuta kwa uzito wa kilo 3 kwenye ncha iliyo mita 2 kutoka mkononi, mkono waumia kama umetundikiwa kilo 12 kwenye nusu mita. Ncha ikiwa mita 1 na nusu kutoka mkononi, zinashuka kuwa kilo 9. Samaki ni yule yule na mshipi ni ule ule. Aliyebeba ufito mrefu amempa samaki mkono mrefu zaidi.

Upepo nao una neno lake. Katika miezi ya kusi, hasa Juni hadi Agosti, ufito wa futi 10 hushika upepo kama tanga dogo, na mgeni asiye na mkono mzuri huchoka kabla ya saa sita. Akichoka anaanza kurusha ovyo, na hapo sisi tulio nyuma tunaanza kuinama.

Kwa maji yetu, basi, futi 9 ndicho kipimo kilichokubalika, kwa namba 8 au 9 kwa samaki wa mchangani na kikande wa mwambani, na namba 12 kwa kolekole. Si kwamba futi 9 ni bora kwa kila kitu. Ni mapatano baina ya kurusha kunakotaka urefu na kuinua kunakotaka ufupi, kama mshahara unavyokuwa mapatano. Mgeni akivua kwa miguu siku nzima, asilaumiwe akileta futi 9 na nusu. Akivua kutoka botini siku nzima, futi 8 na nusu zamfaa zaidi. Akileta futi 10 botini, nahodha afungue kinywa.

SIKU YA KOLEKOLE

Nahodha mmoja hakufungua kinywa, na tuna haki ya kulisimulia kwa kuwa tulikuwako kwenye kikao kilichofuata, na yeye mwenyewe ametuambia tuliandike. Jina lake tunaliacha, na la hoteli pia.

Ilikuwa mwaka 2014, mwezi wa Novemba, bahari imetulia. Alikuwa na baharia kijana aliyeajiriwa miezi minne tu kabla ya hapo. Mgeni alikuja na ufito wake mwenyewe, futi 10, namba 8. Kwao aliutumia mtoni kwa samaki wengine. Ndani ya boti ulikuwamo pia ufito wa hoteli wa futi 9 namba 12, lakini mgeni aliupenda wa kwake. Nahodha aliona kwamba haufai. Alituambia baadaye: "Nilikuwa na neno mdomoni, lakini tulifundishwa kwamba mgeni hasahihishwi." Walipofika ukingoni mwa mwamba, pale rangi ya maji inapogeuka ghafla, alitokea kolekole ambaye wote wawili wanamkadiria kilo 15, akameza.

Mgeni alipigana naye kwa zaidi ya nusu saa. Kwa kuwa ufito ulikuwa laini, samaki hakuchoka upesi. Hatimaye akaja ubavuni mwa boti, na hapo ndipo urefu ulipodai malipo yake. Mtu akiwa na ufito wa futi 10, samaki akiwa futi 3 tu kutoka kwake, hana njia ya kumsogeza ila kuinua mkono juu na nyuma mpaka ufito usimame wima, na ncha ikunjwe kama ndoana. Kijana akainama, akanyoosha mkono kuushika uzi wa mwisho. Samaki akapiga mkia. Ufito ukalia kama bunduki.

Mgeni alisema kijana ameuvuta uzi kwa nguvu. Jioni ile iliandikwa karatasi kwamba thamani ya ufito itakatwa katika mshahara wa kijana kidogo kidogo mpaka iishe. Fito za aina hiyo huuzwa kwa mamia ya dola, na nyingine hufika elfu moja. Kila mfanyakazi anayesoma ukurasa huu apige hesabu yake mwenyewe.

Tulipofika, tuliingia kikaoni na mambo mawili. La kwanza lilikuwa sheria. Sheria ya Kazi namba 23 ya mwaka 2007, iliyokuwa ikitumika wakati ule, ilisema kwamba makato yote kwa jumla hayawezi kuzidi theluthi moja ya mshahara wa mwezi, na karatasi ile ilikuwa imezidi. (Sheria hiyo sasa imepisha Sheria namba 13 ya mwaka 2023. Tawi lisilo na nakala yake liitafute.) Lakini hatukutaka kupigania theluthi. Ukishapigania theluthi umekwisha kubali kosa.

La pili lilikuwa mwanzi. Tulikata mwanzi mkavu mwembamba, urefu wake karibu sawa na ule wa ufito, tukafunga uzi nchani, tukamwomba Bwana Meneja ashike. Tulivuta kwanza mwanzi ukiwa umeelekea kwetu, chini. Haukufanya kitu, alituvuta sisi. Kisha tukasogea mpaka miguuni pake, tukamwomba auinue wima kama alivyofanya mgeni, tukavuta tena kwa vidole viwili tu. Mwanzi ukakatika karibu na ncha. Hatukuwa tumetumia hata nguvu ya kung'oa muhogo.

Kisha tukaomba tuonyeshwe ufito wenyewe. Ulikuwa wa vipande 4, na uliovunjika ulikuwa kipande cha juu kabisa, mahali pale pale. Tulieleza kwamba ufito ukivutwa vizuri, mzigo hushuka kwenye vipande vinene vya chini, ambavyo vimetengenezwa kwa kazi hiyo. Ukisimamishwa wima na uzi ukivutwa kwenda chini, mzigo wote hukaa kwenye ncha nyembamba kama kalamu. Mgeni, ambaye alikuwa mtu mwungwana kuliko tulivyotazamia, aliushika mwanzi wetu akauangalia, akasema kwamba ni kweli aliinua mkono mno. Akaongeza kwamba ufito wake una dhamana ya kiwanda, na kipande cha juu atakipata kwa malipo madogo. Kumbe hakuna aliyemwuliza jambo hilo kabla ya kuandika karatasi!

Karatasi ilichanwa. Lakini Bwana Meneja alituuliza swali ambalo hatukuwa na jibu lake zuri: kama nahodha alijua kwamba ufito haufai, kwa nini hakusema kabla ya kung'oa nanga? Tulimwambia kwamba aliogopa. Ilikuwa kweli, na ilikuwa aibu kwetu pia, kwa sababu sisi wa chama tulikuwa tumepita hoteli ile mara tatu tukizungumzia saa za kazi na sare na chakula, na hata siku moja hatukuwauliza mabaharia wanaruhusiwa kumwambia nini mgeni. Kwenye kikao hicho hicho ilikubaliwa kwamba nahodha atatazama vifaa vya mgeni gatini, na akiona havifai atasema, na neno lake litaandikwa.

KICHWA CHAKO KIKO WAPI

Lipo jambo jingine la urefu ambalo wageni hawalifikirii, kwa kuwa wao husimama mbele. Mshipi unaporushwa nyuma hupita juu ya boti nzima. Boti ya mita 7, mshipi wa mita 12 au 15 hewani, na mwisho wake ndoana. Ufito wa futi 9 huupitisha juu ya kichwa cha mtu aliyesimama, kama mvuvi ana mkono mzuri. Ufito wa futi 8 huushusha karibu na masikio. Kwa hiyo mtu wa nyuma anataka urefu, na mtu yule yule anaponyoosha mkono kumshika samaki ubavuni anataka ufupi. Hili ndilo linalotufanya tuzisifu futi 9 hata pale ambapo mwanya wa kubishana upo.

Urefu peke yake hautoshi kukulinda. Ukiwa na mgeni anayetumia mkono wa kulia, geuza boti upepo umjie kutoka kushoto kwake, ili mshipi usukumwe mbali na mwili wake na mbali nawe. Upepo ukitoka kulia, ndoana huja ndani. Kabla ya kuondoka, bana kwa koleo ule mwiba wa ndoana uliogeukia nyuma. Ndoana iliyobanwa hutoka katika nyama kwa njia iliyoingilia. Isiyobanwa tumeona ikitafutiwa mganga, na mganga yuko mbali kwa saa 3 za bahari. Miwani na kofia ni vya kazi, si vya urembo, na mwajiri ndiye anayepaswa kuvitoa.

Na kaboni hupitisha umeme. Hili liwekwe kichwani hasa kuanzia Desemba mpaka Machi, wakati mawingu ya mvua yanapojengeka mchana. Mtu aliyesimama katika maji wazi na ufito wa kaboni wa mita 2 na sentimita 74 amejiwekea mlingoti wa radi. Ukisikia ngurumo ya kwanza usingoje mgeni amalize mrusho wake. Fito zilazwe chini, boti irudi. Mgeni akinung'unika, anung'unike akiwa hai. Nyaya za umeme zilizopita juu ya njia ya kwenda gatini ni hatari ile ile, hata siku ya jua.

VIUNGO

Tumalizie na viungo, maana hapo ndipo fito nyingi zinakovunjikia bila samaki yeyote. Ufito wa vipande 4 una viungo 3. Mvuvi akirusha mchana kutwa, vipande hulegea taratibu, na kilichotoka kwa upana wa kidole tu kitapasuka kwenye mrusho unaofuata. Kila mnapohama mahali, mgeni aguse viungo vyote akivikaza kwa kuzungusha kidogo. Jinsi ufito unavyokuwa mrefu ndivyo kiungo cha katikati kinavyoteseka zaidi. Mchanga ukiingia ndani ya kiungo hukikwaruza. Jioni zioshwe kwa maji baridi, zifutwe, zikaushwe kivulini, na zisifungiwe mfukoni zikiwa mbichi. Na botini zisilazwe sakafuni. Tumeona ufito mmoja ukikanyagwa na mpishi aliyekuja kuleta chai, na mpishi naye akaandikiwa karatasi.

Baada ya kikao kile cha 2014 mabaharia wa tawi walitengeneza daftari. Lilikuwa daftari la shule la kurasa 40, lililopigwa mistari kwa kalamu ya risasi, na tumeliona likinakiliwa mpaka Mtwara na watu ambao hawakujua lilikotoka. Kila asubuhi gatini nahodha huandika tarehe, upepo, urefu wa ufito, namba yake, idadi ya vipande, na kama kuna ufa. Pembeni kuna nafasi ya neno la nahodha. Mgeni hutia sahihi, nahodha hutia sahihi, na yule asiyejua kuandika huweka kidole gumba. Jioni huandikwa tena hali ya ufito uliporudi. Kijana yule wa kolekole, ambaye siku hizi ni nahodha mwenyewe na anafanya kazi mbali na hapa, alitusomea ukurasa mmoja wa daftari lake tulipokutana: kusi kali, futi 10, namba 9, vipande 4, nzima. Na pembeni: "Nimemwambia ni mrefu kwa boti. Amekubali kutumia wa futi 9."

Tawi linalotaka mfano wa ukurasa huo lituandikie, tutalipelekea.